Nyumba ya Urithi: Tuiuze au Tuitengeneze?

Pana swali ambalo halikosi kuzuka katika kila jamaa iliyoachiwa nyumba kuukuu na wazee wake, hasa katika miji yetu ya pwani: je, nyumba ya marehemu iuzwe watu wagawane fedha, au itengenezwe ibaki? Aghalabu swali hili huja kwa ghafla, ama baada ya arubaini ya mzee, ama baada ya mvua za masika kuangusha kipande cha dari. Tena haliji peke yake, bali huja likiongozana na dalali. Kwa kuwa huja hivyo, hujibiwa kwa haraka, ilhali wahenga walikwisha kutuusia kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Nakusudia leo kulichambua swali hili kwa utulivu, nikitumia mfano wa mji wa Lamu ninaoufahamu. Sisemi kwamba kila nyumba ya urithi isiuzwe. Ninalodai ni kwamba watu wengi huanza na swali la pili kabla ya kulijibu la kwanza. Swali la pili ni bei. La kwanza ni hili: nyumba hii ni ya nani, na inamsitiri nani?

Tuanze na lugha, maadamu ndiyo kazi yangu. Maneno nyumba, chumba na jumba ni ndugu wa shina moja. Lililobadilika ni kiambishi tu. Shina hilo limeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na si mara zote hutaja kuta na paa. Wakikuyu wanaposema nyũmba humaanisha jengo, na pia humaanisha watu waliotokana na mama mmoja. Waswahili wa Lamu na Mombasa nao husema kwamba fulani ni wa mlango fulani, wakikusudia tawi la ukoo wake. Kwa hiyo mtu anaposema "tumeuza nyumba", lugha yenyewe inamkumbusha kwamba huenda ameuza kitu kikubwa kuliko alichokiandikia mkataba.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Lugha si hakimu. Majirani zetu Wajaluo hutofautisha ot, yaani nyumba, na dala, yaani boma zima, na desturi yao humtaka mwana aliyekomaa atoke akaanzishe dala lake mwenyewe. Mahame ya boma la wazee, wanayoyaita gunda, yana heshima yake, lakini hakuna anayelazimika kuyasimamisha upya kuta zake. Kwa mtu wa mila hiyo, kuiacha nyumba ya baba ianguke si ukosefu wa adabu. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaotoa hukumu moja kwa nchi nzima kwa kutaja tu kwamba mwacha asili ni mtumwa. Asili zenyewe ni mbalimbali.

Sasa tuje Lamu. Nyumba nyingi za mawe za mtaa wa Mkomani zilijengwa katika karne ya 18, kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba vyake haukuamuliwa na mwenye nyumba bali na boriti, ambayo haivuki sana mita 3. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Mgeni hukaribishwa dakani, kwenye viti vya mawe. Akiingia hukutana na kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani, ambako zidaka za lipu ya chokaa hupanda ukutani safu kwa safu. Nyumba nyingine huvuka njia kwa wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, ili wanawake wa jamaa moja waweze kutembeleana pasi na kushuka barabarani.

Mpango huo una maana. Desturi ya zamani ya jamaa zenye nyumba za mawe ilikuwa kwamba nyumba humfuata binti. Bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mkewe, si mke kwa mume. Baba mwenye uwezo alimjengea bintiye nyumba kabla hajaozwa, au alimwongezea ghorofa juu ya ile ya mama yake, au aliunganisha nyumba mbili kwa wikio. Wana wa kiume walijua tangu utotoni kwamba siku moja watalala chini ya dari ya wakwe zao. Kwa hivyo nyumba ilikuwa ngome ya mwanamke: akiachwa, anabaki kwake, akifiliwa, anabaki kwake.

Desturi hiyo haikuwa peke yake; iliishi pamoja na sheria ya mirathi ya Kiislamu, nayo sheria hiyo ina mafungu yake. Ili baba amhakikishie binti makazi, ilimbidi ampe hiba angali hai, au aiweke nyumba wakfu kwa kizazi chake. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haiwekwi rehani. Jamaa inayobishana kuhusu kuuza ingeanza kwa kuuliza kama nyumba ina wakfu, kwani ikiwa ipo karatasi ya namna hiyo sandukuni, mjadala umekwisha kabla ya kuanza.

Lakini wengi wa baba zetu walifariki bila ya kutoa hiba wala kuweka wakfu. Hapo ndipo hesabu huingia, nami nitaifanya waziwazi kwa mfano ambao si wa kubuni mbali: ndugu zangu nami tumo ndani yake. Marehemu ameacha mjane, wana watatu wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Deni limelipwa na wasia, ambao hauwezi kupita thuluthi ya mali, haupo. Tuseme dalali ameleta mnunuzi wa shilingi milioni 8. Naitaja bei hii kwa ajili ya hesabu tu. Mjane hupata thumuni, yaani milioni 1. Zinabaki milioni 7, na kwa kuwa mwana wa kiume hupata mafungu mawili ya binti, kila mwana anapata milioni 2 na binti anapata milioni 1.

Mpenzi msomaji, itazame hesabu hiyo tena. Ni ya haki kwa mujibu wa sheria, wala sina neno juu yake. Walakini watu wanaolala katika nyumba hiyo usiku wa leo ni wawili: mama, na binti aliyebaki akimtunza. Wana watatu wako Mombasa, Nairobi na ng'ambo, kila mmoja ana paa lake. Nyumba ikiuzwa, wenye paa wanapata milioni 6, na wasio na paa wanapata milioni 2 ambazo haziwanunulii nyumba nyingine katika mji huohuo. Mauzo yale yale ambayo ni faida ndogo kwa watatu ni uhamisho wa wawili. Hilo ndilo jambo ambalo dalali hana sababu ya kulitaja.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayetaka tuuze, ana hoja, nami ni wajibu wangu kuzieleza kwa insafu. Anasema kwamba nyumba inavuja, na kila mwaka wa kungoja huongeza gharama. Anasema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka: sisi tulio mbali hatuwezi kumsimamia fundi. Anasema kwamba ana watoto wa kusomesha, na fungu lake limelala ukutani likiliwa na chumvi. Tena anasema jambo gumu zaidi: kama ukarabati utagharimu, kwa mfano, shilingi milioni 1.8, nasi wana watatu tugawane, atatoa shilingi 600,000 na wakati huohuo atakosa milioni 2. Kwake yeye, asema, huruma yetu kwa mama ina bei ya milioni 2.6.

Hoja hii haijibiwi kwa machozi, bali kwa hesabu nyingine. Kwanza, zile milioni 2 hazipotei. Zimo katika nyumba, na nyumba iliyotengenezwa hushika thamani yake ilhali iliyoachwa huipoteza. Tangu ujenzi wa bandari ya Lamu uzinduliwe mwaka 2012, na gati la kwanza kufunguliwa Mei 2021, macho ya wanunuzi wa ardhi hayajaondoka sehemu hizo. Pili, pesa za mauzo haziji nzima. Kuna ujira wa dalali na wa wakili, na kuna ushuru wa faida ya mtaji, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, isipokuwa pale ambapo sheria imekusamehe. Tatu, mama na dada wakihamishwa watahitaji kupangishiwa nyumba, na kodi hiyo italipwa na wanawe wale wale. Milioni 2 zilizopokelewa kwa mkono wa kuume zitaanza kutoka kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto.

Naam, lakini hesabu hiyo husimama tu endapo ukarabati wenyewe utafanywa kwa akili. Nyumba ya matumbawe si kama nyumba ya matofali. Kuta zake hunywa maji na kuyatoa tena; ni kana kwamba zinapumua. Chokaa huwaachia zipumue, saruji huwaziba. Fundi asiyejua atakuja na mifuko ya saruji, atapiga lipu ngumu inayong'aa, na jamaa itafurahi kwa mwaka mmoja au miwili. Kisha unyevu uliofungiwa ndani utatafuta njia, chumvi itachanua ukutani mfano wa unga, na lipu itabanduka na kung'oa jiwe pamoja nayo. Nyumba iliyodumu zaidi ya miaka 200 huweza kuharibiwa na ukarabati wa wiki sita.

Kwa hiyo ukarabati na uanzie juu, ushuke chini. Adui wa kwanza ni maji ya mvua: sakafu ya juu, mifereji, na pale ukuta unapokutana na paa. Adui wa pili ni ncha za boriti, zile zilizozama ukutani, maana ndizo zinazooza kabla ya sehemu zinazoonekana. Boriti ikiwa nzima katikati na imeoza ncha, dari huanguka bila ya kubisha hodi. Baada ya hayo ndipo kuta, na baada ya kuta ndipo mapambo. Jamaa nyingi hufuata mpangilio wa kinyume: hupaka rangi sebule kwa ajili ya harusi, na boriti zikaachwa kwa Mungu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga wamesema, lakini Lamu inafaa tuongeze: ukiziba ufa kwa saruji, ukuta utaujenga vilevile.

Vifaa navyo havipatikani kwa wepesi wa zamani. Mawe huletwa kutoka Maweni katika kisiwa cha Manda. Mikoko imewekewa masharti na marufuku mara kwa mara tangu mwaka 1982, serikali ilipozuia isisafirishwe ng'ambo. Haikatwi ovyo, na ni haki isikatwe ovyo. Ndani ya mji hakuna gari. Mzigo hubebwa na punda au hamali, na ujira wao huingia katika hesabu. Basi kazi igawanywe kwa awamu. Mfano wetu wa milioni 1.8, ukigawanywa kwa miaka mitatu, humtaka kila mwana shilingi 200,000 kwa mwaka. Si haba, lakini si mlima. Na jamaa yenye ghorofa ya juu isiyotumika yaweza kuipangisha baada ya awamu ya kwanza, nyumba ikaanza kujilipia dawa yake.

Hapa sina budi kugusa jambo la umma. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya turathi za ulimwengu ya UNESCO mwaka 2001. Tangu hapo, na hata kabla yake, mwenye nyumba katika mji wa kale hawezi kubomoa wala kubadilisha apendavyo. Hana budi kutaka idhini ya wahifadhi. Maneno urithi, mirathi na turathi yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, na nyumba moja hiyohiyo ni urithi wa ndugu watano na turathi ya dunia nzima. Tatizo ni kwamba dunia nzima ina sauti katika umbo la madirisha, ilhali ndugu watano ndio wenye kulipa fundi. Anayetaka turathi na achangie gharama yake. Serikali ya kaunti ingewapunguzia ada za ardhi wale wanaotengeneza kwa chokaa, na serikali kuu ingegharamia mafunzo ya vijana mafundi, ingekuwa imehifadhi mji zaidi ya mabango yote yaliyobandikwa. Masharti bila ya msaada humsukuma maskini auze kwa tajiri, na tangu miaka ya sabini tumeshuhudia nyumba moja baada ya nyingine ikigeuka kuwa ya mapumziko ya wageni, imetengenezwa vizuri mno, imefungwa miezi minane kwa mwaka. Kuta zimeokoka, mtaa umekufa.

Kama mwanaisimu nashuhudia pia kifo kingine. Maneno kama wikio, daka, zidaka na msana wa yuu hayaishi katika kamusi, huishi vinywani mwa watoto wanaotumwa: "kanitilie taa kwenye kidaka." Mtoto asiyekulia katika nyumba hiyo hana haja ya neno hilo. Aliyetunga Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliwalilia watu wa majumba ya Pate baada ya majumba kuwa magofu. Sisi huenda tukawa watu wa kwanza kuwalilia wenyeji ilhali majumba yangali yanameremeta.

Je, ni lini basi inajuzu kuuza? Kwa maoni yangu kuna hali tatu. Ya kwanza ni pale ambapo hapana yeyote katika jamaa anayeishi humo wala anayekusudia kuishi; nyumba bila mtu huoza kwa upesi kuliko nyumba mbovu yenye mtu. Ya pili ni pale ambapo hitaji ni la uhai, kama vile matibabu ya mmoja wa warithi. Mawe hayana haki iliyo kubwa kuliko roho. Ya tatu ni pale ambapo ndugu hawaelewani kabisa, na kuendelea kushirikiana kutawatia uadui wa kudumu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na chombo kinachozama afadhali kiuzwe kingali kinaelea.

Hata katika hali hizo, mnunuzi wa kwanza asiwe mtu wa nje. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, humpa mshirika haki ya shufaa, yaani haki ya kulitwaa fungu la mwenzake kwa bei ileile aliyotoa mgeni. Sheria ya nchi nayo, ile ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012, haimruhusu mmiliki mwenye fungu katika ardhi ya pamoja kuliuza kwa mtu wa nje bila ya idhini ya maandishi ya wenzake, ingawa nao hawaruhusiwi kuinyima bila ya sababu ya maana. Sheria mbili zilizotoka pembe tofauti za dunia zimekutana katika hekima moja: kabla ya kumwita mgeni, muulize ndugu yako. Dada anayeishi katika nyumba aweza kuyanunua mafungu ya kaka zake polepole, kwa malipo ya miaka kumi, badala ya kuhamishwa kwa siku kumi.

Mapendekezo yangu kwa jamaa yoyote iliyomo katika kadhia hii ni machache. Mirathi igawanywe mapema, mbele ya kadhi kwa Waislamu na mahakamani kwa wasio Waislamu, kila mtu ajue fungu lake hata kama nyumba haitauzwa. Wengi huogopa kugawa wakidhani kugawa ni kuvunja, kumbe kinachovunja jamaa ni fungu lisilojulikana. Kila shilingi inayotolewa kwa ukarabati iandikwe, na iandikwe kama ni mkopo, ni mchango au ni sadaka, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Huduma ya yule anayemtunza mzee nayo ihesabiwe, kwa sababu mkono unaomwosha mama usiku nao unachangia. Na maadamu mjane yu hai na anaitaka nyumba yake, mauzo yangoje.

Kaka yangu hajakubali, na sina hakika kwamba atakubali. Lakini amekubali jambo moja, nalo ni kubwa: kwamba fundi wa chokaa aende kwanza, akague boriti, alete makadirio, na dalali akae nje mpaka makadirio yasomwe mbele ya warithi wote watano, wanawake wakiwemo. Huo ndio utaratibu ninaowausia wengine. Mnunuzi mwenye nia anaweza kungoja miezi mitatu. Asiyeweza kungoja anajua jambo kuhusu nyumba yenu ambalo nyinyi bado hamjalijua.